KUTOKA MEZA YA KARANI: Barua Hii ya Askari Ilitoka kwa Nani?



Katika nyumba nyingi za vijiji vyetu liko sanduku la bati chini ya kitanda. Ndani yake mna kanga za siku ya harusi, cheti cha ubatizo, stakabadhi za kodi ya zamani, na pengine karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na mikunjo yake imekwisha kukatika. Ukiuliza, "Hii ni nini?" utajibiwa, "Ni barua ya babu, alipokuwa askari." Ukiuliza tena, "Babu yupi?" wote hutazamana.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya karatasi hiyo. Je, mtu aliyeandika barua zamani za vita aweza kutafutwa akajulikana? Naam, aweza. Nami nitawaeleza kwanza habari za mtu mmoja wa nchi yetu hii aliyetafutwa hivyo, akapatikana. Kisha tutarudi kwenye masanduku yetu.

Mtu huyo alizaliwa Dar es Salaam tarehe 22 Februari 1904. Jina lake la utoto lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Baba yake alikuwa askari wa Wajerumani. Vita vilipoanza mwaka 1914 kijana huyu alikuwa na miaka 10 tu, wala hakubaki nyumbani na wanawake. Alimfuata baba yake jeshini.

Vita vile twavijua huku kwetu. Katikati ya mwezi wa Juni 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalishuka kutoka kaskazini, yakaingia Korogwe, kisha Handeni, na tarehe 24 ya mwezi huo huo wakapigana kwenye mto Lukigura. Wajerumani walirudi nyuma wakielekea kusini, na askari wao pamoja nao. Kijana Mahjub alijeruhiwa Mahiwa, upande wa Lindi, katika mapigano makali ya Oktoba 1917, akatekwa na Waingereza.

Vita vilipokwisha, alifanya kazi ya utumishi katika meli. Mwaka 1929 akafika Ujerumani na meli yake, akakaa mji wa Berlin. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Basi mwaka 1930 alifanya jambo moja lililo kiini cha mazungumzo yetu: alipeleka madai serikalini. Alidai mshahara wa askari ambao yeye na baba yake hawakulipwa tangu siku za vita.

Akajibiwa kwamba amechelewa. Hakupata hata senti moja.

Lakini hakunyamaza. Mwaka 1934 aliomba nishani waliyopewa wale waliopigana vita, akanyimwa. Alifanya kazi ya kuwahudumia watu mezani, akafundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Berlin, akaigiza katika filamu zaidi ya 20, akipewa sehemu ndogo ndogo za watumishi na wapagazi. Alikuwa amemwoa mwanamke wa Kijerumani mwezi wa Januari 1933, siku chache tu kabla Hitler hajashika serikali. Chini ya utawala ule mtu mweusi hakuwa na kinga. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuhusiana na mwanamke mzungu, wala hakupelekwa mbele ya hakimu. Alitiwa katika kambi ya Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Sasa, tumepataje kuyajua haya yote, kwa tarehe na kwa mwaka? Mtu huyu hakuwa chifu wala tajiri. Wenzake waliokufa kambini ni maelfu kwa maelfu. Tumeyajua kwa sababu aliandika. Kila alipodai, kila alipoomba, kila aliponyimwa, karatasi iliingia katika jalada, na jalada likawekwa. Mwanamke mmoja mwenye elimu, Profesa Marianne Bechhaus-Gerst wa mji wa Köln, aliyafuata majalada hayo moja baada ya moja, akaunganisha Mahjub wa Dar es Salaam na Husen wa Berlin, akatoa kitabu cha maisha yake mwaka 2007. Mwaka huo huo, mbele ya nyumba nambari 193 katika barabara ya Brunnenstraße aliyokuwa akiishi, liliwekwa chini jiwe dogo lenye bamba la shaba, na juu ya bamba jina lake. Mwaka 2013 ikatoka filamu ya maisha yake.

Tazama ajabu hii, msomaji. Barua iliyoshindwa kumpatia mshahara ndiyo iliyomrudishia jina. Bwana mkubwa aliyeandika "umechelewa" hatumkumbuki leo. Mdai ndiye tunayemkumbuka.

Lakini tusifurahi upesi. Kwa mmoja aliyeandika, wako wengi sana ambao hawakuandika wala kuandikiwa. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918 majeshi yalikula na kupata risasi kwa vichwa na mabega ya wapagazi. Upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 90,000, wengi wao kwa njaa, kuhara na homa, si kwa risasi. Pale Dar es Salaam iko sanamu ya askari, iliyowekwa mwaka 1927. Maandishi yake yawasifu askari na wapagazi, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Ni maneno mazuri. Lakini jina la mtu hata mmoja halimo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikaomba radhi. Ilikiri kwamba wafu wa vita vile kati ya 45,000 na 54,000, wa Afrika na Asia zaidi, hawakukumbukwa sawasawa na wenzao wazungu, na kwamba wengine wasiopungua 116,000 hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Ndipo niposemapo: karatasi moja katika sanduku la bati si kitu cha kuchezea. Huenda ndiyo jiwe pekee la kaburi ambalo mtu yule atapata duniani.

Kuna kisa kinachosimuliwa sana katika vitabu vya vita ile. Husemwa kwamba mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa hai, na wazee mia tatu na zaidi wakakusanyika Mwanza. Wachache tu walikuwa na hati zao. Wengine walileta vipande vya nguo za kiaskari, na wengine hawakuwa na kitu ila maneno ya mdomo. Yule mlipaji akaona taabu, atamjuaje askari wa kweli? Basi akampa kila mmoja fagio, akamwamuru kwa Kijerumani ashike silaha begani, aitue, ageuke. Na wazee wale, baada ya miaka karibu 50, walifanya yote bila kukosea. Wenye hati walijulikana kwa hati, na wasio na hati walijulikana kwa mwili wao. Lakini mtu akiisha kufa, mwili hautoi ushahidi tena. Hati yabaki.

Sasa turudi kwetu. Watu husema, "Karani, sisi si maprofesa. Tutaijuaje barua ya zamani?" Nawajibu kwamba nusu ya kazi hii yafanyika nyumbani, mkekani, pamoja na wazee. Nitawapa mfano.

Mama mmoja wa kitongoji cha jirani alikuja ofisini kutaka cheti cha mjukuu wake. Tulipomaliza akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi.

"Karani, mwanangu, wewe wasoma vitabu vya zamani. Nisomee na hii. Ni ya babu yao, ya vita ya Mjerumani."

"Haya, mama, tuitazame pamoja."

Mchwa walikuwa wamekula pembe moja na nusu ya nambari. Jina chini lilikuwa moja tu, na katika ukoo ule jina hilo lilikuwa na watu wawili, mtu na mdogo wake, kwa maana wote walirithi jina la babu mmoja. Yule mkubwa ndiye aliyezeeka kijijini na kuacha watoto, na kila mtu alidhani barua ni yake.

Tukasoma polepole. Mwandishi alisema kwamba yeye ni mzima, yuko Silani, mvua ni nyingi, nao wanafundishwa vita vya msituni. Basi hiyo si vita ya Mjerumani ya 1914, bali ni vita ya Hitla. Askari wetu wa Keya walipelekwa kisiwa cha Silani mwaka 1943, wakafunzwa huko, kisha katika mwaka 1944 wakavushwa kwenda Burma kupigana na Wajapani.

Tukaendelea. Katika salamu, ambazo zilikuwa ndefu kama salamu za kwetu zilivyo, aliandika: nisalimieni kaka yangu, mwambieni asiuze mbuzi wangu. Nikamwuliza mama, "Mkubwa humwita mdogo wake kaka?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapana. Basi huyu ni yule mdogo. Huyu ni yule asiyerudi."

Mama huyo aliolewa katika ukoo ule baada ya vita, hakumwona kamwe shemeji yake. Alimsikia akitajwa mara mbili tatu tu na mama mkwe wake. Mbuzi ndio waliomtambulisha. Jina lake sasa limeandikwa katika daftari la familia, pamoja na neno "Silani" na sehemu ya nambari iliyosalia, na wajukuu wanaendelea kuitafuta katika orodha za wafu wa vita.

Kwa hiyo yashikeni mambo haya, ninyi mlio na barua kama hiyo.

La kwanza, msiikunjue kwa nguvu wala kuitia gundi. Iwekeni ndani ya karatasi safi kavu, mbali na moshi na mchwa. Mwenye simu ya picha aipige picha pande zote mbili, na bahasha pia, kwa sababu mihuri ya bahasha yasema mambo ambayo barua haisemi.

La pili, tazameni nambari. Kila askari alikuwa na nambari yake. Majina yetu yaliandikwa na maofisa wa kigeni kama walivyoyasikia, leo hivi, kesho vile. Lakini nambari haikubadilika kwa kusikiwa vibaya. Nambari ni bora kuliko jina.

La tatu, msishangae barua isipotaja mahali. Wakati wa vita ya pili barua za askari zilifunguliwa na kusomwa na maofisa, na jambo la siri lilikatwa. Anwani ilikuwa nambari ya posta ya jeshi tu. Lakini mtu huponyokwa na neno. Akiwataja Wataliani na milima ya Uhabeshi, hiyo ni habari ya 1940 na 1941. Akitaja Madagaska, ni 1942. Silani ni 1943 na mwanzo wa 1944. Burma, na bonde la Kabaw, na mto Chindwin, ni 1944. Vikosi viwili vya Keya vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, vilikuwamo katika divisheni ya 11 iliyopita bonde lile wakati wa masika, ambapo matope yalikuwa adui wa pili. Watu wa Tanganyika waliotumikia vita ile walikuwa wapata 87,000. Si ajabu barua zao zingalipo.

La nne, tofautisheni mwenye barua na mwenye mkono. Askari wengi hawakujua kuandika walipoondoka nyumbani. Wengine walijifunza jeshini, wengine walimwomba rafiki awaandikie. Kwa hiyo mwandiko mzuri wa shule hauthibitishi kwamba mwenye barua alisoma shule. Sikilizeni salamu. Mkono waweza kuwa wa rafiki, lakini rafiki hajui majina ya shangazi zako wala hesabu ya mbuzi zako.

La tano, ikiwa barua ni ya herufi za Kiarabu, msidhani ni lugha ya Kiarabu. Wazee wengi waliandika Kiswahili kwa herufi hizo. Mpelekeeni mwalimu wa chuo cha Korani wa kijiji chenu, mwombeni kwa adabu awasomee kwa sauti. Huenda mkasikia maneno mnayoyafahamu nyote.

La sita, tafuteni jina katika daftari zaidi ya moja. Mtu mmoja aweza kuwa na jina la ukoo nyumbani, jina la ubatizo kanisani, jina la Kiislamu mjini na jina la nne jeshini. Hapa mezani pangu huona hivyo kila mwezi: kijana ataka cheti, na jina la baba yake katika kitabu cha ubatizo si lile la kitambulisho. Mahjub na Husen walikuwa mtu mmoja. Laiti mtafutaji angeshikilia jina moja tu, angeyapita maisha ya mtu nusu nzima. Kwa hiyo ulizeni parokia, ulizeni shule za zamani, na mtu akienda Dar es Salaam afike Nyaraka za Taifa aulize kwa subira. Orodha za wafu wa vita za ile Tume ya Makaburi zaweza kutafutwa hata kwa simu. Jaribuni jina kwa tahajia tatu au nne, kisha linganisheni nambari.

Nina neno moja zaidi, nalo ni la haraka kuliko yote. Tusifikiri barua za vita ni za 1916 na 1944 tu. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na vijana wetu wa jeshi na wa mgambo walikwenda kutoka kila mkoa. Tarehe 11 Aprili 1979 waliingia Kampala. Waliokufa, zaidi ya 600, wamezikwa Kaboya, mkoani Kagera. Nao pia waliandika barua, na barua hizo zingali katika masanduku yetu, kwa kalamu ya wino wa buluu, kwenye karatasi za daftari la shule.

Tofauti ni hii: wenzao wangali hai. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 leo ni mzee wa miaka 60 na kitu, ameketi nje ya nyumba yake, aweza kusema, "Huu ni mwandiko wa fulani, tulilala handaki moja." Miaka 20 ijayo hatakuwapo wa kusema neno hilo. Hapo wajukuu watalazimika kuhesabu mbuzi kama tulivyofanya sisi.

Kwa hiyo, vijana, Jumapili hii baada ya chakula, lileteni lile sanduku. Msiwasumbue wazee kwa maswali mengi kama polisi. Mpeni mzee karatasi mkononi, mwacheni aitazame, nanyi mkae kimya. Akianza kusema, mmoja wenu aandike. Andikeni katika daftari, si juu ya barua yenyewe: jina la aliyeiandika, majina yake mengine, alikuwa mtoto wa nani, aliitwa jeshini mwaka gani, alirudi au hakurudi, na ni nani aliyetueleza haya na tarehe ya leo. Mistari sita yatosha.

Na mtu akisema, "Ya nini kazi hiyo, naye amekwisha kufa?" mwambieni habari za yule mtoto wa Dar es Salaam aliyedai haki yake Berlin akaambiwa amechelewa. Yeye alichelewa kupata mshahara. Sisi bado hatujachelewa kuyaandika majina ya watu wetu.

Wenu,
Karani wa Parokia, Mkata